Re: Nesi kuja nyumbani kunasaidia nini wakati kliniki ipo?
Kunasaidia sana dada angu. Mdogo wangu huku Chamwino alizaa na miaka 17, jamaa kasepa, kliniki akiulizwa anajibu tu "niko sawa nesi" anaondoka, ila siku nesi alipokuja nyumbani akakaa nae mkekani akamuona ananyonyesha huku machozi yanamtoka ndo akafunguka yote. Marekani mtafiti mmoja anaitwa David Olds alianza kuupima mpango wa hivi Elmira, New York, miaka ya 1970, nesi anakuja toka mama ana mimba mpaka mtoto afikishe miaka 2, yani mnazoeana kabisa. We anza na mhudumu wa afya wa mtaani kwenu, mwambie ukweli hata kama ndani hamna unga.