Kidingapopo (dengue) cha mara ya pili: maswali yenu

Niliugua dengue Dar mwaka 2014. Si nimeshapata kinga? (Msomaji, Temeke)

Umeipata, ila ya aina moja. Virusi vya dengue viko aina nne. Aina iliyokulaza haitakusumbua tena kwa miaka mingi, pengine maisha yote, lakini dhidi ya zile tatu kinga hudumu miezi tu. Mwaka 2014 Dar ilipigwa na aina ya pili. Mwaka 2019 ikaja aina ya kwanza. Ndiyo maana wapo waliougua mara zote mbili.

Nasikia mara ya pili kinga yenyewe humgeuka mtu. Inakuwaje? (Msomaji, Mombasa)

Kingamwili ulizobaki nazo huijua aina mpya nusunusu: huishika, haziiui. Seli nyeupe zinazomeza vijidudu zikiona kirusi kimeshikwa hivyo, hukimeza haraka. Sasa, humo ndani ndimo dengue inamozaliana. Mlinzi amemfungulia mwizi geti akidhani amemkamata! Virusi hujaa, mwili hushtuka na kumwaga kemikali za kuitisha ulinzi kupita kiasi, kuta za mishipa midogo hulegea, na maji ya damu huvujia tumboni na kifuani. Damu inayobaki ni nzito na haitoshi, presha huanguka. Kinga haina lawama peke yake: NS1, protini ya kirusi ile ile inayotafutwa kwenye kipimo cha haraka, nayo hudhoofisha kuta hizo.

Cuba waliliona hili kwa uchungu. Mwaka 1977 ilipita aina ya kwanza, wengi wakaugua kidogo tu. Mwaka 1981 ikaingia aina ya pili, wakafa watu 158, 101 kati yao watoto. Hata kichanga anaweza kuzidiwa katika dengue yake ya kwanza kabisa, kwa sababu ya kingamwili alizorithi kwa mama tumboni. Hilo huniuma kila ninapolieleza.

Kwa hiyo kila mara ya pili ni kifo?

Hapana. Wengi hupona vizuri.

Mwanangu ana dengue, homa imeshuka siku ya nne. Nimruhusu akacheze? (Mama, Tanga)

Hapana, dada yangu, hizo ndizo saa za kumkazia macho. Mishipa huvuja hasa homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Mshike miguu: ni ya baridi na imelowa jasho? Analalamika tumbo, anatapika mfululizo, fizi zinatoa damu, amelegea au hatulii, mkojo umepungua? Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kumpeleka hospitali. Mpe maji, uji, madafu, kidogo kidogo ila mara kwa mara. Homa ikirudi, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki usimpe, zinachochea kutoka damu. Miguu ikipoa usiku, usingoje kupambazuke.