Maswali ya Wasomaji: Maji ya Nyanda za Juu Kusini

SWALI: Tunaishi Dodoma na tunapanga kwenda Mbeya kwa gari letu pamoja na watoto wawili, wa miaka 9 na 13, ili tuone maziwa na maporomoko ya huko. Ndugu zetu wengine wanatushauri twende Aprili, mito ikiwa imejaa, na wengine wanasema tungoje Septemba kukauke. Tuwasikilize akina nani, na tusimame wapi njiani? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu msomaji, kila upande una ukweli wake, ila mimi nisingefuata hata mmoja. Nyanda hizo zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na upande wa Rungwe na Kyela mvua huingia hata Mei. Mkienda Aprili mtaikuta mito imefurika kweli, lakini njia za msituni huwa tope tupu na barabara nyingi za vumbi humshinda mwenye gari dogo. Ikifika Septemba maporomoko yamepungua nguvu, na moshi wa mashamba yanayochomwa huifunika milima. Nendeni Juni, shule zikiwa zimefungwa, kwa kuwa maji bado ni mengi na ardhi imeanza kushika. Msisahau masweta, maana huo ndio wakati wa baridi kali.

Maji ya kwanza mtayakuta kabla hata ya kufika Iringa, pale barabara inapopita juu ya ukuta wa Bwawa la Mtera. Bwawa hilo lilijengwa ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu iliyoko chini zaidi, kisha Mtera nayo ikapata mitambo yake ya megawati 80 mwaka 1988. Simamisheni gari kijijini, wanakouza perege na kambale wa kukaanga, wala si ukutani, kwani ni eneo linalolindwa na picha zisizo na kibali zinaweza kuwaletea usumbufu. Watoto wasisogee kwenye maji, kwa sababu kuna mamba na viboko.

Siku zenu nyingi ziwekeni Rungwe. Ziwa Ngosi limo ndani ya kreta ya volkano katika safu ya Poroto, nalo lina urefu wa kilomita zipatazo mbili na nusu, bila mto wowote unaoonekana kutoka. Mtaacha barabara ya Mbeya–Tukuyu, mchukue mwongozaji wa hapo kijijini, kisha mpande kwa miguu katika msitu wa mianzi na migomba mwitu, mahali ambapo hata Juni majani yaliyooza huteleza chini ya kiatu. Mtoto wa miaka 9 ataweza, mradi asiharakishwe na avae viatu vyenye meno. Mkifika ukingoni mkakuta ukungu mtupu, msigeuke kurudi, kwani mara nyingi upepo huufungua, na maji ya kijani huonekana chini kabisa, mita zaidi ya 200 kutoka mliposimama. Wenyeji watawaonyesha kwamba ziwa hilo lina umbo la bara la Afrika, jambo ambalo, kwa maoni yangu, linahitaji ukarimu kidogo wa macho.

Siku inayofuata nendeni Mto Kiwira. Daraja la Mungu ni tao la mwamba wa volkano lililobaki juu ya mto, ila mimi ningetumia muda mrefu zaidi Kijungu, ambapo mto mzima hubanwa katika mwamba, hujizungusha ndani ya shimo lenye umbo la chungu na kuzama chini ya jiwe kabla ya kuibuka upande wa pili. Njia hupita katika eneo la chuo cha magereza, kwa hiyo mtajitambulisha getini. Mwamba huo ni laini kama sabuni, na hapo mkono wa mtoto hauachiwi.

SWALI: Je, ni salama kuogelea Matema? Nimesikia Ziwa Nyasa lina kichocho. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kichocho kipo. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia, yenye matete na majani, kwa hiyo ufuko wa mchanga unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo zaidi, ingawa haiishi kabisa. Jiepushe na midomo ya mito, ambako pia kuna mamba, kisha ukapime baada ya miezi miwili au mitatu, kwani ukipima mapema mno ugonjwa unaweza usionekane. Dawa yake, prazikwanteli, hufanya kazi vizuri. Asiyetaka kuogelea na apande mtumbwi hadi Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, akawaone kina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu.

SWALI: Maporomoko ya Kalambo tuyaone kutoka Tanzania au Zambia? (Msomaji, Sumbawanga)

JIBU: Kwako wewe jibu ni Tanzania, kwa kupitia Matai hadi kijiji cha Kapozwa, ambako zimejengwa ngazi za kuteremkia korongoni. Maji huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, wakati Maporomoko ya Victoria yana mita 108. Nenda kati ya Februari na Juni, kwani Oktoba hubaki uzi tu. Upande wa Zambia una mvuto wa aina nyingine, kwa maana juu ya maporomoko ndiko wataalamu walikochimbua magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale, ambayo mwaka 2023 yalitangazwa kuwa na umri usiopungua miaka 476,000. Usitegemee kuyakuta hapo, kwa kuwa hayakuachwa mtoni. Ukitaka kuona pande zote mbili, vuka kwa hati zako katika kituo cha mpaka cha Kasesya, wala usikubali mtu akuvushe mtoni kwa miguu.