Okidi iliyoanguka na tawi lake: maswali ya wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipita msituni baada ya upepo mkali nikakuta okidi imeanguka pamoja na tawi ililokuwa imelishikilia. Nilitaka kwenda kuitunza nyumbani, maana pale chini ingeoza, lakini mwenzangu alinizuia akisema kuwa huo ni wizi. Tena mwaka jana nilipanda mbegu za okidi kwenye udongo mzuri na haikuota hata moja. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na mbegu, kwa kuwa ukizielewa hizo utaelewa pia kwa nini mwenzako alikuwa na haki ya kukuzuia. Tunda la okidi likikauka hupasuka pembeni, na ukiligonga taratibu juu ya karatasi utaona unga mwepesi unaopeperushwa hata na pumzi yako. Kila chembe ya unga huo ni mbegu: kifuko chembamba kama wavu chenye kitone kimoja katikati, ambacho ndicho kiinitete, yaani mmea wenyewe ukiwa bado haujaota. Zipo spishi ambazo tunda lake moja hubeba mbegu zaidi ya milioni moja, nazo huweza kuwa nyingi kiasi hicho kwa sababu mama yao hakuzifungia chakula chochote cha safari. Harage huja na akiba ya kuulisha mche mpaka utoe majani, ilhali mbegu ya okidi huanguka mikono mitupu na kusubiri kuvu inayopatana nayo, ambayo nyuzi zake huingia ndani ya kiinitete na kukiletea sukari na madini. Isipokutana na kuvu hiyo, hufa.

Jambo hili halikujulikana mpaka mwaka 1899, Mfaransa Noël Bernard alipokuta machipukizi machanga ya okidi katika msitu wa Fontainebleau nchini Ufaransa na kuona kuwa yote yalikuwa na kuvu ndani yake. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kuwa mbegu hizo huweza kuota bila kuvu, endapo zitawekwa ndani ya chupa isiyo na vijidudu, juu ya agari (aina ya jeli itokanayo na mwani) iliyochanganywa na sukari na madini. Kwa hiyo kosa lako halikuwa la kumwagilia wala la mbolea. Udongo wako, hata kama ulikuwa mzuri kiasi gani, haukuwa na mshirika ambaye mbegu zile zilimhitaji.

Sasa turudi kwenye tawi. Okidi ya juu ya mti hainyonyi mti, ingawa wengi huidhania hivyo na wengine huikata kwa dhana hiyo. Huushika mti tu ili ifikie mwanga, na hunywa mvua na umande kwa mizizi iliyovaa tabaka la sponji. Inyunyizie maji uone: mzizi uliokuwa mweupe kama fedha hugeuka kijani mbele ya macho yako. Mmea wa namna hiyo ukiupeleka nyumbani unaweza kuishi, lakini utakuwa umeutenga na mdudu anayeuchavusha na kuvu zitakazootesha mbegu zake, hivyo kwa upande wa msitu utakuwa sawa na uliokwisha kufa. Kilicho bora ni kuwaarifu wanaousimamia msitu huo, na wakikubali, kuifunga okidi kwenye mti ulio karibu, wenye gome la kukwaruza na kivuli kinachofanana na kile ilichozoea, kwa kamba ya nyuzi za asili ambayo itaoza yenyewe mizizi ikishashika. Usiifukie udongoni, kwa maana hapo ndipo itakapooza kweli.

SWALI: Okidi zinazalishwa kwa wingi siku hizi na kuuzwa kila mahali. Kwa nini basi tuhangaike na za porini?

JIBU: Kwa sababu nyingi kati ya hizo zinazouzwa ni chotara za jenasi chache, yaani makundi machache ya spishi za jamaa moja, wakati dunia ina spishi zipatazo 28,000 za okidi. Mwaka 1862 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alitazama ua la okidi iitwayo Angraecum sesquipedale ya Madagaska, lenye mrija wa nekta (maji matamu ya ua) wenye urefu wa karibu sentimita 30, akasema kuwa lazima yupo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903, Darwin akiwa amekwisha kufariki. Ua hilo unaweza kulistawisha chunguni, lakini uhusiano wake na nondo hauoteshwi na mtu.

Biashara nayo ina sheria. Mkataba wa CITES, wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, umeiweka familia nzima ya okidi chini ya udhibiti, kiasi kwamba kuivusha mpakani kunahitaji kibali, na jenasi kama Paphiopedilum haziruhusiwi kabisa kuuzwa kimataifa zikiwa zimechumwa porini. Mnunuzi anaweza kujikagua mwenyewe: mmea wa kitalu huwa na majani safi na mizizi iliyofuata umbo la chungu, ilhali uliong'olewa porini mara nyingi huwa na majani yaliyotafunwa na wadudu, mizizi iliyokatwa, na vipande vya gome ambavyo bado vimeng'ang'ania. Muuzaji asiyeweza kukueleza mmea ulikuzwa wapi, mwachie mmea wake.

SWALI: Napenda kupiga picha za okidi na kuzionyesha mtandaoni. Je, nina madhara gani?

JIBU: Picha haina madhara, mahali ndipo penye hatari. Okidi ya Vietnam iitwayo Paphiopedilum vietnamense ilipewa jina la kisayansi mwaka 1999, na katika miaka michache tu wakusanyaji walikuwa karibu wameimaliza msituni. Nchini Uingereza, okidi iitwayo Cypripedium calceolus ilidhaniwa kuwa imetoweka mpaka shina moja lilipogunduliwa Yorkshire mwaka 1930. Waliolijua walificha mahali pake kwa miongo mingi na kulilinda, na baadaye mbegu zikaoteshwa maabara katika bustani ya mimea ya Kew, London, ili miche irudishwe porini. Wa kwanza kati ya miche hiyo ulichanua mwaka 2000.

Kwa hiyo zima taarifa za mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha, usitaje jina la kilima wala kijito, na uangalie unapopiga magoti, kwa kuwa miche isiyochanua bado hufanana na nyasi na mara nyingi huwa hapo hapo kando ya ile iliyokuvutia. Ukihisi umeona kitu adimu, wapelekee wataalamu wa bustani ya mimea picha na mahali kwa siri, uwaachie wao waamue kipi kitangazwe.