Jibu: Kikundi cha walimu skulini kimekufa mara ya tatu, nifanyeje?

Assalaam alaykum maalim, na wanajukwaa wote.

Umesema wewe ni mwalimu mkuu msaidizi wa skuli ya msingi huko Kaskazini Unguja, umeanzisha kikundi cha walimu wa hisabati na sayansi wajifunze pamoja, kimekufa mara tatu, na sasa unataka kuwaombea posho. Mimi nafundisha hisabati Pemba, upande wa Wete, mwaka wa 17 huu. Posho iweke pembeni kwanza nikuhadithie chetu kilivyokufa.

Kilikuwa na mwenyekiti, katibu, mshika fedha (fedha yenyewe hatukuwa nayo) na daftari la mahudhurio. Dua ya kufungua, muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, halafu malalamiko: watoto wengi, vitabu haba, wazazi hawafuatilii. Yote kweli. Dua ya kufunga. Baada ya miezi miwili tulibaki mimi na katibu. Waliokimbia sikuwalaumu, maana hakuna aliyetoka pale na kitu cha kumfaa darasani kesho yake.

Kilichotufufua ni bahati. Mwalimu mmoja wa darasa la tano, mtu mzima na mkali, aliingia ofisini na bunda la madaftari, uso umemkunjamana. Alikuwa ametoa swali la maembe 12, yameliwa 5, "How many mangoes are left?", yaani yamebaki mangapi. Zaidi ya nusu ya darasa wamekosa, na mtoto mmoja amechora maembe yote upande wa kushoto wa ukurasa. Tulicheka mpaka machozi. Kisha katibu wetu akasema, "Hebu ngojeni. Huyu neno kalielewa vile vile tulivyomfundisha." Wallahi ndivyo. "Left" tuliwafundisha wenyewe kuwa ni kushoto. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka hisabati na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, basi mtoto anavuka na maneno machache aliyonayo, na sisi tunamrudishia somo la kutoa wakati kutoa anakujua.

Siku ile tulikaa mpaka adhana ya Alasiri, hakuna mwenyekiti. Tuliandika maneno yenye sura mbili: "table" ni meza na pia jedwali, "volume" ni sauti ya redio na pia ujazo, "difference" ni tofauti lakini kwenye hesabu ni jibu la kutoa. Mwalimu wa Kiingereza, ambaye hatukuwahi hata kumwalika, tulimfuata nyumbani. Wiki iliyofuata maneno yakafundishwa kabla ya hesabu, swali likatolewa tena kwa namba nyengine, na madaftari yakarudi mezani. Wengi walipata. Waliokosa safari hii walikosa kutoa kwenyewe, kwa hiyo tukajua wa kuwasaidia ni nani na kwa lipi.

Tangu hapo mtu haji kikaoni bila madaftari matatu: la aliyepata, la aliyepata nusu, la aliyekosa. Ukija mikono mitupu utakunywa chai ukiangalia wenzio.

Sasa kazi yako wewe kiongozi ni muda. Sisi tuna mikondo miwili. Walimu wa asubuhi na wa mchana wanapishana getini. Tulijaribu Jumamosi, watu wana mashamba. Ijumaa ndiyo usiiguse kabisa. Mwalimu mkuu akakata dakika tano kwenye kila kipindi cha asubuhi siku ya Alhamisi, vipindi sita, ikapatikana nusu saa, na wa mchana wakaombwa wawahi nusu saa hiyo. Akaiandika kwenye ratiba ya ukutani kama kipindi. Na akitaka kumtuma mtu Alhamisi saa hiyo, anakwenda mwenyewe. Hilo la mwisho liliwashinda wakuu wawili waliomtangulia.

Kuingia kwenye darasa la mwenzio ni mtihani mwengine. Kwetu mtu akikaa nyuma na kalamu ni mkaguzi, basi mwalimu anabadilika hata sauti. Wajapani wana desturi ya zamani, tangu karne ya 19: wanaandaa somo moja pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanaangalia wanafunzi wanavyofikiri. Tuliifuata hiyo, na tukamwomba mwalimu mkuu aangaliwe yeye mwanzo. Akafundisha nusu jumlisha theluthi. Watoto wakaandika mbili kwa tano. Akaeleza tena, wakaandika mbili kwa tano tena, kwa mwandiko mzuri zaidi. Alitoka anacheka, jasho linamtiririka, na toka siku hiyo hakuna aliyeogopa kuangaliwa. Ila angalia, maalim: ukimwandika mwalimu kwenye ripoti kwa ulichokiona humo, hicho cha nne nacho kizike.

Kundi la WhatsApp tunalo. Lina salamu za Ijumaa na taarifa za misiba. Usilitegemee.

Kuhusu posho: ulikuja mradi mmoja hapa, sitautaja, ukalipa kila kikao. Ukumbi ulijaa. Mradi ulipoondoka, viti vikabaki. Sisi tunachanga chai, na muhogo wa kuchemsha haukosekani Pemba. Mkihitaji vifaa au mtu wa kuwasaidia mada ngumu, nendeni kituo cha walimu kilicho karibu nanyi, kama sisi tunavyoteremka Michakaeni, Chake. Lakini nendeni na swali lenu tayari.

Msimu wa karafuu tunasimama. Zikisha kuanikwa tunarudi, na hakuna anayesema kikundi kimekufa.

Karatasi yetu ya kikao ina mistari minne tu: mtoto kaandika nini, alifikiri nini, tutajaribu nini, lini tutaangalia tena. Jioni nikitoka skuli nitaipiga picha niiweke hapa.