Umeme umekatika nikisasisha Ubuntu. Nifomati?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari hapa Moshi, kompyuta ya dukani ina Ubuntu 20.04 (mfumo endeshi, kama ilivyo Windows). Juzi nikiwa naisasisha, umeme ukakatika. Sasa nikiandika sudo apt upgrade inagoma, inadai dpkg, programu ya kusakinisha, ilikatizwa. Kijana mmoja kaniambia nifute faili la lock (kufuli), ikishindikana nifomati. Humo mna kazi za wateja.

JIBU: Usifomati, dada, na hilo faili liache lilivyo. Kufuli hushikwa na programu inayofanya kazi wakati huo. Kompyuta ilipozimika, likaachiwa. Ukiambiwa tena kuna kufuli, mara nyingi ni masasisho yanayojiendesha kimyakimya. Subiri yamalize. Ukilifuta wakati huo, programu mbili zitaandika kwenye daftari moja, na hapo ndipo utakapolia kweli.

Daftari lenyewe ni /var/lib/dpkg/status. apt huagiza vifurushi (vya programu, si vya intaneti!) na kuvishusha, dpkg ndiye anayevifungua na kuvisanidi, na kila hatua anaiandika humo. Kwa hiyo anajua alipoishia. Anachotaka ni umwache amalizie. Nakili kwanza kazi za wateja kwenye flashi, kisha andika moja baada ya nyingine:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt update
sudo apt full-upgrade

Ukiulizwa kama ubadilishe faili la mipangilio, jibu N, libaki lako la zamani. Bando nalo halijaenda bure: vilivyokwisha kushuka viko /var/cache/apt/archives, havishushwi upya.

Mimi huku Arusha hushusha kwa bando la usiku, sudo apt full-upgrade --download-only, halafu nasakinisha mchana kwenye laptopu yenye chaji. Ya mezani kama yako inataka UPS, betri ya akiba umeme ukikatika.

Jambo jingine: msaada wa kawaida wa 20.04 uliisha Mei 2025, hivyo marekebisho ya usalama ya bure hayaji tena kama zamani. Amri ya kupanda toleo ni sudo do-release-upgrade. Itakupeleka 22.04 kwanza, ndipo 24.04, huwezi kuruka. Hiyo hushusha mzigo mkubwa na kubadilisha karibu mfumo wote, kwa hiyo usiianze siku umeme unachezacheza, wala siku wanafunzi wamepanga foleni ya kuprinti.