Rangi ya unga kwa jigi za risasi: kwa nini yako inabanduka

Ndugu yangu, umeuliza mbona jigi zako (hivi vyambo bandia vizito vya kuvulia samaki, tunavyovisubu kwa madini ya risasi) ulizozipuliza rangi ya kopo zinabanduka safari ya pili tu ya kuvua, na kama rangi ya unga, ile ya mafundi wa madirisha ya aluminiamu inayookwa kwenye oveni hadi ishike, inastahili gharama na taabu. Mimi niko Malindi, nasubu jigi mwenyewe huu mwaka wa sita. Inastahili. Ila jua kwamba hata unga ulinibandukia msimu mzima wa kaskazi kabla sijajua nakosea wapi.

Nilikuwa nakosea kwenye oveni. Mwanzo nilitumia ya nyumbani (usithubutu; kesho yake mke wangu alitoa mkate wa sinia humo, akaunusa, akaniita jina langu kamili). Sasa nina ya mtumba, iko uani, na chakula hakiingii humo kamwe. Basi, unga wangu uliandikwa nyuzi 180 kwa dakika 15. Nikageuza kitufe hadi 180, nikatundika jigi, nikahesabu dakika 15, nikatoa. Zilitoka zinang'aa kama sahani ya kaure. Mzia wa kwanza alipoing'ata moja, rangi ikatoka vipande vipande kama ganda la yai.

Dakika zile huhesabiwa tangu chuma chenyewe kifike joto hilo, si tangu ufunge mlango. Jigi ya gramu 150 ni bonge la risasi. Hewa ya oveni ishafika, yenyewe bado iko nyuma. Unga unakuwa umeyeyuka na kung'aa lakini haujaiva. Ni kama mahamri yaliyotiwa kwenye mafuta makali, nje yamependeza na ndani ni unga mbichi. Siku hizi kwa jigi nzito naanza kuhesabu baada ya kama dakika 10, kisha naziacha 20 kamili. Kujua kama imeiva, ikishapoa sugua mgongoni na pamba yenye asetoni. Pamba ikichukua rangi sana au pakawa laini, irudishe. Hata stima ikikatika katikati usizitupe, ikirudi uanze upya, zitaiva tu. Ukizidisha sana, nyeupe ndiyo itakuchongea kwa kugeuka rangi ya samli.

Tena nunua kipimajoto cha kuweka ndani, maana vitufe vya oveni ni waongo. Kitufe changu kikisema 180, ndani ni 205. Nilijua hilo kwa hasara. Nilikuwa na vijiko vinne (vyambo bandia vya umbo la kijiko) vya shaba ya manjano, nimevilehemu vishikio vya pete kwa lehemu ya kawaida ya bati na risasi. Lehemu ile huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Nilipofungua mlango, vijiko vitatu vilikuwa vimelala chini na vishikio vimebaki vinaning'inia kwenye waya. Risasi tupu haina shida hiyo, yenyewe huyeyuka 327.

Kuhusu kupaka: huhitaji ile bunduki ya umeme ya mafundi. Jigi yenyewe ikiwa moto inatosha. Itie kwenye oveni mpaka ishike joto, ishike na koleo, ichovye kwenye kopo la unga, hesabu moja, mbili, toa, gonga koleo. Tazama kwa makini hapo. Unga ukibaki umekaa kama vumbi la ngano, jigi haikuwa na joto la kutosha. Ukikusanyika mkiani ukaning'inia tone, imezidi. Ikiwa sawasawa utaona vumbi linageuka kama limeloa, likilainika taratibu toka kichwani hadi mkiani. Ule mgongo wa waridi juu ya jigi nyeupe uliouliza pia, chovya nyeupe kwanza, kisha chota waridi kwa brashi laini na uigongegonge juu ya mgongo wakati bado ni moto. Usipake kama rangi ya ukuta, utachubua.

Unga uwe mwepesi kwenye kopo. Wengine hutoboa kopo chini, wakaweka kitambaa na kupuliza hewa kwa pampu ya tangi la samaki wa mapambo, na unga unachemka kama maji. Ni vizuri ukiwa na jigi nyingi. Mimi nachekecha kwa kichujio cha chai, basi. Kwa unyevu wetu huu wa pwani, hasa kusi likiingia, unga huganda mabonge, kwa hiyo kopo lifungwe kabisa na likae mbali na jua. Na vaa barakoa. Vumbi lile si la kuvuta, wala usilitimue karibu na moto.

Tundu la pete lizibe kabla ya kuchovya. Mkanda mweupe wa fundi bomba unavumilia joto la oveni vizuri. Nilipopeleka jigi 20 kwa fundi mmoja Mombasa hakuziba hata moja, nikakaa jioni mbili natoboa kwa keekee, na kila nilipotoboa nikachubua.

Usafi ni nusu ya kazi. Risasi ikishapoa hujifanyia utando wa kijivu, na juu yake kuna mafuta ya vidole vyako. Msasa, sabuni, asetoni, na baada ya hapo usiiguse kwa mkono mtupu. Nadhani hata rangi yako ya kopo ilianzia kubanduka hapo.

Umesema risasi unaokota kwa mafundi wa magurudumu. Angalia, vyuma vingine vya kubalansi siku hizi ni zinki. Zinki haikatiki kwa koleo kirahisi, na kwenye sufuria huelea wakati risasi imeshayeyuka, iondoe mapema. Risasi ya betri usiiguse kabisa. Yeyushia nje, upepo ukupige mgongoni, na kalibu iwe kavu kabisa, maana tone moja la maji hurusha risasi ya moto. Alama ninayo mguuni.

Kama rangi huvutia samaki zaidi, hapo tutabishana hadi asubuhi. Maji ya mto Sabaki yakishuka na kuchafua bahari, nyeupe yangu hupata kolekole kuliko ile isiyopakwa. Maji yakiwa safi sioni tofauti kwa nguru. Yeye anakimbiza mng'ao.

Macho ya kubandika weka mwisho, baada ya kuiva na kupoa, kisha tone la gundi ya epoksi juu yake. Mimi niliwahi kuyatia oveni nayo. Yalikunjamana kama zabibu kavu.