Kwa mnaoanza kuongoza vikundi vya kujifunza Biblia: Musa mbele ya kijiti

Mkifika kitabu cha Kutoka, sura ya 3 na ya 4, ambapo Mungu anamwita Musa katika kijiti kinachowaka moto na kumtuma kwa Farao awatoe Waisraeli Misri, mtavutwa kumfundisha Musa kama mfano wa mtu mwoga anayetafuta visingizio. Nimeongoza somo hili mara nyingi, na ushauri wangu ni kwamba someni majibu ya Mungu kwa makini kuliko mnavyosoma pingamizi za Musa, kwa sababu uzito wa kifungu uko huko.

Musa anapouliza, “Mimi ni nani, hata niende kwa Farao?”, Mungu hamsifu wala hamkumbushi kwamba alilelewa katika nyumba ya Farao, jambo ambalo wengi wetu tungelitaja kwanza. Anamwambia tu, “Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe.” Swali lilihusu uwezo wa Musa, jibu linahusu Mungu aendaye naye. Waacheni wanakikundi wakae hapo kwa muda, hata kama kimya kitawasumbua ninyi viongozi. Musa anapouliza jina, anapewa jina. Anapohofu kwamba hataaminiwa, anapewa ishara, na ya kwanza inafanyika kwa fimbo aliyokuwa ameishika tayari mkononi.

Sehemu ngumu ni 4:13-14, ambapo Musa, akiwa hana tena swali la kuuliza, anaomba atumwe mtu mwingine, na hasira ya Bwana inawaka. Msiipunguze hasira hiyo ili somo liwe tamu. Lakini msiishie hapo pia: katika maneno yale yale ya hasira Mungu anamtaja Haruni, ambaye yuko njiani kuja kumlaki ndugu yake, naye atafurahi akimwona. Msaada ulikuwa umekwisha kuanza safari kabla Musa hajamaliza kukataa. Kwa maoni yangu, hakuna mahali pengine katika sura hizi mbili ambapo neema inaonekana wazi kiasi hiki.

Wapo wengine walioitwa na Mungu wakasita. Yeremia na udhuru wake wa utoto mnaweza kumgusia kwa sentensi moja. Gideoni anastahili zaidi, kwa kuwa swali lake katika Waamuzi 6, kwamba ikiwa Bwana yu pamoja nasi mbona haya yote yametupata, ndilo watakalowauliza watu waliofiwa au waliopoteza kazi. Bwana hamwelezi sababu. Anamtuma, na baadaye anavumilia Gideoni anapomjaribu mara mbili kwa ngozi ya kondoo, akitaka uhakika.

Mwanakikundi makini atawauliza kuhusu Zekaria katika Luka 1, aliyefanywa bubu kwa kutosadiki ahadi kwamba angepata mtoto, ilhali Mariamu aliuliza katika sura hiyo hiyo akajibiwa kwa upole. Msimkwepe. Mwonyesheni kwamba adhabu ya Zekaria ilikuwa na kikomo, na kwamba ahadi ya mtoto haikuondolewa: Elisabeti alichukua mimba mumewe akiwa bado hawezi kusema.